Baa ya bati Goodsprings, Nevada: mafundi nisaidieni

Mzee wa Lori: Wakuu, habari za majukumu. Napeleka mzigo kati ya Los Angeles na Las Vegas. Juzi nilichepukia kituo cha Jean, nikaingia Goodsprings, kijiji cha jangwani, nikanywa soda kwenye baa iitwayo Pioneer Saloon. Ni ya 1913. Kuta bati, dari bati, tena bati la maua. Ukiwa mlangoni unadhani plasta. Nani alijenga baa ya bati kwenye jua lile, na kwa nini hadi ndani?

Fundi Kenchi: Mkuu, hilo si bati la migongo la kuezekea. Ni karatasi nyembamba ya chuma inayogandamizwa kiwandani kwenye kalibu mpaka itoe nakshi, halafu inapigiliwa kwenye papi na kupakwa rangi ya mafuta. Marekani ilishika sana kuanzia miaka ya 1880. Plasta ya nakshi ilitaka fundi wake maalumu na muda wa kukauka. Hii unaagiza kwa katalogi, mwenye nyundo yeyote anafunga. Na haishiki moto kama mbao. George Fayle aliyejenga hiyo baa alifungua pia hoteli jirani, 1916. Hoteli iliteketea 1966, baa ipo.

Kuhusu bati lilifikaje huko, reli ndogo ya mgodi wa Yellow Pine kutoka Jean ilikuwa imeshafika tangu 1911. Na joto? Wachimbaji walikuwepo tayari, na zinki (madini) ilipopanda bei wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia wakajaa zaidi. Baa ilijengwa kwa ajili ya pesa ya wachimbaji, joto watajijua wenyewe.

Zuhura LV: Mmesahau matundu ya risasi ukutani, ati ugomvi wa karata. Na Clark Gable, mwigizaji wa sinema, alisubiri pale kaunta habari za mkewe Carole Lombard, naye mwigizaji, ndege ilipogonga mlima Potosi 16 Januari 1942. Watu 22, hakupona hata mmoja.

Fundi Kenchi: Dada Zuhura, ajali ni kweli tupu, ila Gable kwenye kaunta nina wasiwasi naye. Siku zile alifikia hoteli ya El Rancho Vegas, kule Las Vegas. Hadithi inauza bia, siwalaumu. Matundu ndiyo yananivutia. Mzee wa Lori, ukipita tena angalia kingo zake: risasi ikitoboa bati jembamba, kingo hukunjikia kule ilikoelekea. Piga picha kwa karibu uweke hapa, tujue mpigaji alisimama upande gani.

Mzee wa Lori: Nina mzigo wiki ijayo. Nitapita.