Wakala katuuzia safari ya Saadani ya siku moja kutoka Tanga huku akijua muda hautoshi. Nataka hela zetu

Wakuu, salaam.

Nimekaa siku nne nikingoja hasira ipoe ndipo niandike. Haikupoa, basi naandika nayo hivyo hivyo. Jina la kampuni sitaliweka hapa, nimelipeleka panapohusika. Ninachotaka mjue ni namna tulivyofanyiwa, maana yule mtu bado anatangaza na Desemba inakuja, watu watampa hela.

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani, Tanga mjini. Mama yangu ana miaka 73, mzaliwa wa Saadani kijijini. Aliolewa huku Tanga akiwa binti, na tangu hapo amerudi kwao mara mbili tu, mara ya mwisho kumzika baba yake. Enzi hizo lile lilikuwa pori la akiba, bado halijawa Hifadhi ya Taifa, maana hifadhi imetangazwa mwaka 2005. Mwaka huu mama akasema anataka kuzuru kaburi la baba yake, asome Yasini, wakati macho bado yanaona. Nami watoto wangu hawajawahi kumwona tembo. Nikaona niunganishe: kijiji kiko humo humo kwenye eneo la hifadhi, tunapita, watoto wanaona wanyama, bibi yao anafika kwao. Tukajikusanya ndugu na majirani, watu wazima saba na watoto wanne.

Wakala nilimpata kwa tangazo la WhatsApp. Picha aliyoweka ni maelfu ya nyumbu wanavuka Mto Mara. Huko ni Serengeti, wakuu, upande mwingine kabisa wa nchi! Saadani ni hifadhi ya pwani, ndiyo hifadhi ya taifa pekee hapa kwetu inayogusa Bahari ya Hindi. Ina uzuri wake ambao Serengeti haina, una nini basi mpaka uibe picha ya kwingine? Nilimuuliza. Akanijibu, "Dada yangu, ile ni ya kuvutia wateja tu, kila mtu anaweka."

Hapo ningegeuka. Sikugeuka kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu. Tutapata Land Cruiser mbili za paa la kufunguka. Alfajiri saa 11 magari yako mlangoni. Tutaingilia geti la Madete, tutazunguka kuona wanyama, tutapanda boti Mto Wami kuona viboko na mamba, mama atafika kijijini kwake, na saa 2 usiku tuko nyumbani. Nikamwambia, kaka, mama ni mzee, ana jambo lake pale kijijini, si la kupita mbio. Akasema, "Mwambie mama aondoe shaka, yeye ndiye mgeni rasmi." Nilimpelekea mama maneno hayo kama yalivyo. Jioni ile ile akatoa udi na ubani wake, akafunga kwenye kitambaa na kichupa cha marashi.

Bei: 95,000 mtu mzima, 60,000 mtoto. Jumla 905,000, taslimu. Nikamuuliza mbona ghali, akasema kiingilio kimepanda, kila mtu mzima ni thelathini. Nikaamini. Mtu wa cherehani nitajuaje viingilio vya hifadhi? Thelathini kweli ipo, wakuu, lakini ni dola, ya mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki. Mtanzania mtu mzima Saadani ni shilingi elfu tano, ukiweka na VAT haifiki elfu sita. Yaani kachukua tarakimu ya Mzungu akaibandika kwangu kwa shilingi, na salio likaingia mfukoni mwake.

Halafu fulana. Akasema kundi lazima livae sare, 12,000 kila mmoja, watu kumi na mmoja. Mimi ni fundi, nikamwambia nitatushonea mwenyewe. Akakataa, ati ni utaratibu wa kampuni. Zikaja fulana za bluu iliyokolea. Sasa muulize mtu yeyote anayefanya kazi porini. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, hata vile vitambaa vya mitego vinavyotundikwa kwenye miti kuwanasa ni vya bluu na nyeusi. Saadani mbung'o wapo, nani asiyejua? Mtu anayejiita mwenye kampuni ya utalii anawavisha watoto rangi ya mtego halafu anawapeleka kwa mbung'o. Mwanangu wa mwisho ana miaka sita. Amerudi shingo na mgongo vimevimba, usiku halali, anajikuna. Mbung'o anauma juu ya nguo, si mbu huyo wa kumpungia mkono akaondoka.

Siku yenyewe, Jumamosi. Mama ameamka saa 9 usiku, kaoga, kavaa, kakaa kwenye kiti cha barazani na kifurushi chake mapajani. Saa 11 hakuna gari. Saa 12 hakuna, simu haipokelewi. Magari yamefika saa 2 na dakika 20 asubuhi, Noah mbili. Noah! Kwenye hifadhi yenye udongo mweusi unaonata kama uji, mwezi wa Novemba, vuli inanyesha. Dereva wa gari letu kijana mdogo, mpole, sina ugomvi naye, alituambia wazi kwamba ndiyo kwanza anaenda Saadani. Kapewa kazi jana yake usiku.

Sasa pigeni nami hesabu. Kutoka Tanga unakwenda Pangani, pale unasubiri kivuko uvuke mto mpaka Bweni, ndipo unaanza safari ya Mwera, Mkwaja, mpaka geti. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni unatakiwa uwe umetoka. Ndani ya hifadhi mwendo ni wa polepole, huruhusiwi kukimbiza gari. Mto Wami uko mwisho wa kusini kabisa na sisi tumeingilia kaskazini. Hata angekuja hiyo saa 11 na hiyo Land Cruiser, kuzunguka, boti, kijiji na kurudi Tanga siku moja haiwezekani. Si kwamba mipango iliharibika njiani. Alituuzia saa ambazo hazipo, na alijua. Hili ndilo linaloniuma kuliko hela.

Getini tumefika saa 7 mchana. Nawashukuru askari wa pale, walikuwa watu. Mmoja alimwamkia mama shikamoo, akamletea kiti, ndipo akaniambia taratibu, "Mama, hapa hatupokei fedha taslimu, na kampuni yenu sioni malipo yao." Hakuna kilicholipwa! Wala kiingilio, wala boti, wala chochote. Nikampigia wakala, akasema lipeni kwanza tutarekebishana. Askari akanitolea namba ya malipo ya serikali, nikalipa kwa simu yangu, hela niliyoiweka ya kununulia vitambaa vya harusi ya mteja. Hapo ndipo nilipoiona bei halisi ya kiingilio kwa macho yangu, nikasimama pale nikitetemeka.

Tukaingia. Tuliona ngiri, kuro kadhaa, ngedere, na twiga watatu ambao watoto watawazungumzia mpaka wakue. Simba hatukuona, tembo hatukuona, na kwa hilo silalamiki hata kidogo. Mnyama yuko kwake, anakwenda anapotaka, hakuna binadamu wa kukuuzia simba. Kuna watu wamewahi kuwakuta tembo mpaka ufukweni pale, ni bahati yao. Mimi nalalamikia kilichokuwa mikononi mwa mtu.

Saa 10 kasoro Noah ya mbele ikazama. Udongo ule ukishalowa hauna huruma, tairi linazunguka tu linajichimbia kaburi. Sasa sikilizeni jambo hili: mwenzake dereva wa gari la pili akafungua mlango akawaambia wanaume na watoto wakubwa washuke wasukume. Kwenye nyasi za kufika kiunoni! Ndani ya hifadhi yenye nyati na simba! Hata mimi nisiyejua kitu najua hifadhini hushuki kwenye gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tukafunga milango, tukakaa ndani na joto na mbung'o, tukapiga simu getini. Gari la hifadhi lilikuja kutuvuta, saa 11 na nusu tukawa tumetoka tope. Askari akasema hakuna namna, muda umekwisha, inabidi tugeuze.

Mama akauliza, "Saadani bado mbali?" Dereva hakujua. Askari ndiye aliyemjibu, "Bado mama, leo hamuwahi." Mama akamwambia, "Mimi mzaliwa wa pale, mwanangu. Babangu yuko pale." Yule askari akainamisha kichwa, akasema, "Utarudi inshallah." Njia nzima mama hakusema neno lingine. Tumefika Tanga saa 6 usiku. Kile kifurushi cha udi kimerudi kama kilivyokwenda, amekiweka juu ya kabati, na kila nikiingia chumbani mwake nakiona.

Na kijiji chenyewe si kitu cha kupitwa hivi hivi. Saadani ilikuwa bandari ya misafara, ikishindana na Bagamoyo. Bwana Heri wa Saadani alipigana na Wajerumani wakati ule ule wa Abushiri, yule waliyemnyonga Pangani Desemba 1889. Mama alikuwa anawasimulia wajukuu habari hizi ndani ya gari, yule kijana dereva akageuka akauliza Bwana Heri ni nani. Simlaumu, hajafundishwa. Namlaumu aliyemtuma aje kutuongoza.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa wakala, chumba kimoja na meza. Nikaomba risiti, akanipa kikaratasi cha mkono, si ya mashine ya EFD. Nikaomba leseni ya utalii inayotoka Wizara ya Maliasili, wengi bado tunaiita TALA. Akaniambia iko Dar, inahuishwa. Nikaomba hela, akacheka. "Dada, mnyama mmeona, si ndiyo safari? Nyie wa hapa hapa mnataka huduma ya Wazungu." Maneno hayo kayasema mbele ya mume wangu.

Wa hapa hapa! Ndiyo, ni wa hapa hapa, na babu yangu kalala ndani ya ardhi ile. Shilingi yangu nimeipata kwa kushona mpaka saa 7 usiku. Mgeni angechukuliwa saa 11 kwa Land Cruiser, kwa sababu mgeni ataandika kwao na wakala atakosa biashara. Sisi anatuona hatutasema, tutaenda nyumbani tunung'unike kwenye baraza, yaishe. Basi mimi nimesema.

NYONGEZA, jioni: Nimesoma michango yenu, asanteni. Mkuu uliyesema mngekwenda Mkomazi, ni kweli Mkomazi nayo iko jirani kwa sisi wa Tanga, unapitia Segera mpaka Same, geti la Zange, na kuna faru weusi. Siku nyingine watoto nitawapeleka. Ila mama hana kaburi la mtu Mkomazi.

Aliyeniuliza ningepangaje sasa baada ya yaliyonipata: nisingetoka Tanga siku hiyo hiyo. Ningevuka Pangani jana yake, tukalala Ushongo, ng'ambo ya mto, alfajiri tukawa getini linapofunguliwa. Siku moja ya kaskazini na kijiji, Wami na boti yake siku ya pili, na ukiishia Wami ni heri utokee upande wa Bagamoyo kuliko kurudi ulikotoka. Ningengoja kiangazi, Juni mpaka Septemba, au Januari na Februari, na Aprili na Mei ningekaa kwangu. Gari la kuvuta magurudumu yote manne, nalikagua kabla sijatoa hata mia. Malipo ya hifadhi nayafanya mwenyewe kwa namba ya malipo, wakala namlipa gari na dereva tu. Nguo za kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu, hata kwa mtoto.

NYONGEZA ya pili: Wakala kaupata uzi huu. Kanipigia saa 3 usiku, kasema atanipa laki mbili niufute. Nimemwambia nataka 905,000, na 132,000 za fulana, na kiingilio nilichomlipia, na sifuti kitu. Ijumaa ikipita bila hela nakwenda kufungua madai, kikaratasi chake cha mkono ninacho na ujumbe wake wote wa WhatsApp ninao.

Ombi langu la mwisho kwenu, hasa walioko Mkwaja, Saadani na Miono: kuna gari gani la abiria linaloingia Saadani kijijini kipindi hiki cha mvua, na siku zipi? Na je, kuna mwenyeji anayeweza kutupa chumba cha usiku mmoja, mimi na mama tu? Nataka nimpeleke kabla ya mwezi kwisha.