Re: Re: BuT na tiketi za vikaragosi Augsburg – nani ameshajaziwa ukurasa wa pili?

Kutoka: Mama Neema

Habari za jioni wanajamvi,

Nina furaha na hasira kwa wakati mmoja, nivumilieni.

Nimepata tiketi za Puppenkiste, ule ukumbi wa vikaragosi vya nyuzi wa Augsburg hapa Ujerumani! Wanaoijua wanajua: pale tiketi zikitoka tu zimekwisha, na za wikendi ndiyo usiseme. Tunakwenda kuona ile ya jambazi anayemwibia bibi kinu chake cha kahawa. Neema ana miaka minane, mdogo wake minne, na tangu niwaambie hakuna anayelala mapema. Huyu mdogo amefunga uzi wa kushonea kwenye miguu ya dubu wake, anamtembeza juu ya meza ya chakula, akianguka anampigia makofi. Na mimi mwenyewe sijambo! Tuliwahi kupita makumbusho yao ghorofani, nikaganda mbele ya kioo: kikaragosi cha mbao kimesimama, uzi mmoja kila goti, mmoja kila mkono, miwili ubavuni mwa kichwa, yote inapanda hadi kwenye kile kijiti cha msalaba anachoshika mchezeshaji. Nikamwambia baba Neema, hawa lazima niwaone wakitembea.

Sasa hasira. Sisi tuko kwenye KiZ (nyongeza ya posho ya watoto kwa wenye kipato kidogo), kwa hiyo BuT, ule msaada wa elimu na ushiriki wa watoto, ni haki yetu. Nikajaza fomu ya Teilhabe (ile sehemu ya ushiriki), nikaambatanisha Bescheid (barua ya uamuzi) ya KiZ na risiti za tiketi za watoto (yangu sikuiweka, mimi si mwizi). Leo barua imerudi, eti nyaraka hazijakamilika, ukurasa wa pili unatakiwa muhuri na sahihi ya "mtoa huduma". Mtoa huduma hapo ni nani jamani, jambazi? Nimpenyezee dada wa dirishani fomu agonge muhuri huku foleni inanitazama?

Swali langu ni moja tu: nani ameshawahi kujaziwa ukurasa wa pili na ukumbi wa maonyesho, na alimpa nani? Onyesho ni Jumamosi ijayo.

Kutoka: Deus, Ingolstadt

Dada salaam. Umepeleka wapi hiyo fomu? Kama umepeleka Familienkasse, ofisi ya posho za watoto, umepoteza muda, wao wanatoa KiZ, BuT si kazi yao. BuT ya watu wa KiZ na Wohngeld (msaada wa kodi ya nyumba) iko kwa jiji au Landratsamt (ofisi ya wilaya). Jobcenter ni wa wanaoishi kwa posho ya msingi ya serikali. Hili tumelieleza humu mpaka tumechoka.

Kutoka: Mama Neema

Kaka Deus, nimepeleka jijini. Barua imetoka jijini. Ndiyo maana nikauliza habari za ukurasa wa pili, si habari za anwani.

Kutoka: Zuhura, Nürnberg

Mama Neema hongera kwa tiketi! Mimi nililia nazo msimu mzima sikupata.

Kuhusu BuT, ngoja niwaambie yaliyonikuta. Binti yangu alianza kuogelea, chama kikataka ada ya msimu wote kwa mkupuo. Nikadhani nitapewa euro 15 za mwezi ule basi. Kumbe zile 15 zinajumlishwa kwa kipindi chote kilicho kwenye Bescheid. Walimu wa kuogelea wakajaza karatasi, wakagonga muhuri, hela ikaingia kwao moja kwa moja. Lakini ilichukua muda mpaka mtoto akawa anaogelea kuliko mimi. Kwa hiyo usikate tamaa, ng'ang'ana hapo hapo.

Kutoka: Deus, Ingolstadt

Zuhura, unampoteza mwenzio. Kuogelea ni chama, kuna uanachama. Zile 15 za Teilhabe ni za uanachama wa michezo na utamaduni, masomo ya muziki au sanaa, shughuli za utamaduni zenye mtu anayewaongoza watoto, na kambi za likizo. Mama na wanawe kukata tiketi Jumamosi wakakae kitini waangalie ni matembezi ya familia. Ndiyo maana fomu ina sehemu ya mtoa huduma. Hiyo barua ya "hazijakamilika" ni upole tu, ukikamilisha watakuja na Ablehnung, yaani barua ya kukukatalia.

Angekwenda na Kita (chekechea) au shule, hapo sawa. Safari ya siku moja ya Kita au shule inalipwa gharama halisi, haigusi hata zile 15.

Kutoka: Zuhura, Nürnberg

Deus, hukunisoma. Nimeeleza yangu, sijasema ni sawa na ya kwake. Na hiyo ya Kita naijua kabla yako: Kita yetu iliwapeleka watoto kwenye vikaragosi vya mkono, mwalimu akaandika karatasi moja ya majina na bei, tukarudishiwa mpaka nauli ya basi.

Mama Neema, ongea na Kita ya huyo mdogo. Waambie wapange safari ya kikundi.

Kutoka: Mama Neema

Ushauri mzuri, ahsanteni, lakini tiketi ninazo mkononi. Siwezi kumwambia mtoto wa miaka minne asubiri Kita ipange. Na ukurasa wa pili bado mweupe.

Kutoka: Otieno, Stuttgart

Wadau, mimi sina hata mtoto mmoja ila mada imenigusa. Mnanikumbusha XYZ Show, kile kipindi cha vikaragosi cha Kenya! Runinga ya Citizen, mwaka 2009, tunakaa sebuleni na mzee wangu, vile vinyago vya mpira vya wanasiasa vinatoka, na mzee anayempigia kura mmoja wao anacheka mpaka chai inamwagika. Vichwa vikubwa, pua zimevutwa, sauti zimeigwa sawasawa. Nani angethubutu kumsema mheshimiwa hivyo kwa uso wake? Lakini kikaragosi kikisema, nchi nzima inacheka. Sisi Wakenya tulikuwa mbele.

Kutoka: Deus, Ingolstadt

Mbele wapi, aliyeanzisha ni Gado, yule mchora katuni, na Gado ni Mtanzania.

Kutoka: Otieno, Stuttgart

Mtanzania aliyefanyia kazi Nairobi. Jiulize kwa nini hakufanyia Dar.

Kutoka: Zuhura, Nürnberg

Haya yameanza.

Kutoka: Mzee Ngosha, Leipzig

Wanangu, nimesoma yote. Otieno, usiwachokoze wenzio. Ila swali lako lina ukweli wake, na wanaolijua jibu humu hawataliandika kwa sababu wanatarajia kwenda likizo nyumbani.

Mimi nilifika upande huu Ujerumani ikiwa bado nchi mbili. Mnaimba Augsburg, Augsburg, lakini huku Mashariki watoto walikuwa na Sandmännchen wao, kikaragosi cha televisheni, tangu 1959, kila jioni kabla ya kulala, na yupo mpaka leo. Wa Magharibi alitoka siku chache baadaye.

Na kabla ya hao wote, kwetu Usukumani. Nani humu ameona ngoma za Bulabo, ile sherehe ya mashindano ya ngoma, pale Bujora karibu na Mwanza? Bagalu upande huu, Bagika upande ule, kila kundi linatafuta cha kuwavuta watu waliache lile jingine. Mmoja anatoka na chatu shingoni. Wengine wanatoa sanamu ya mbao, mikono inachezeshwa, nyonga inachezeshwa, na wakina mama wanapiga vigelegele mpaka kundi la pili linabaki linacheza peke yake. Nilikuwa mdogo kama huyo wa Mama Neema, nimekaa mabegani kwa mjomba, nikaingoja ile sanamu mwaka mzima ulioufuata. Hapakuwa na tiketi wala ukurasa wa pili.

Kutoka: Deus, Ingolstadt

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, Puppenkiste walionekana kwenye televisheni 1953. Miaka sita kabla ya Sandmännchen.

Kutoka: Mzee Ngosha, Leipzig

Marahaba. Nimesema kila jioni, Deus. Soma.

Kutoka: Zuhura, Nürnberg

Mzee wangu umenitia simanzi, mimi wa Kisesa, hapo hapo Bujora. Mama anasema siku hizi vijana wanarekodi kwa simu tu, hawachezi.

Mama Neema, shukuru tu kwamba ni ile ya jambazi na si Jim Knopf, hadithi yao nyingine ya mtoto anayeendesha treni. Shule ya mwanangu waliwawekea ile ya zamani ya televisheni, akarudi nyumbani anauliza kwa nini mtoto mweusi pekee katika hadithi ameletwa kwenye kifurushi cha posta. Nilikosa jibu la haraka.

Kutoka: Otieno, Stuttgart

Lakini si yeye ndiye shujaa? Ningekuwa mtoto hapa ningefurahi kuona kikaragosi cha rangi yangu kikiendesha treni. Wengine wote ndio wapuuzi kwenye ile hadithi, mfalme wao anapiga simu siku nzima.

Kutoka: Zuhura, Nürnberg

Ni shujaa, sikatai, na mwandishi alikuwa na nia njema. Lakini kile kitabu ni cha 1960, na lile neno la kuwatukana weusi lilikaa mle mpaka 2024 wachapishaji walipoliondoa. Siku hadithi inasomwa darasani huwi wewe Otieno unayegeuziwa macho na watoto ishirini, ni mwanangu. Nilimwandikia mwalimu, akanijibu kwamba yeye alikua na vikaragosi hivyo na havikumdhuru. Nikamwambia, wewe visingekudhuru.

Kutoka: Mama Neema

Zuhura, nimekusoma, na nitaongea na Neema kabla hajakutana nayo shuleni.

Ila naomba nitetee kidogo hawa watu wa Augsburg. Kilichonivuta mimi ni habari zao zenyewe. Oehmichen, mwigizaji, alijenga jukwaa dogo la vikaragosi katikati ya vita. Februari 1944 mji ukapigwa mabomu, jukwaa likaungua. Alipoanza upya akataka jukwaa la sanduku, kitu cha kufungasha na kuondoka nacho. Likafunguliwa Februari 1948 mji ukiwa magofu, na binti yake Hannelore ndiye aliyekuwa akichonga hivyo vikaragosi, maelfu kwa maisha yake yote. Mtu mji umeungua, anawaza watoto wacheke nini. Ndiyo nikasema wanangu lazima waende, hata BuT isiwepo.

Lakini BuT ipo, na kuna ukurasa wa pili. Hivi kweli humu hakuna hata mmoja?

Kutoka: Deus, Ingolstadt

Hakuna kwa sababu hakuna anayejaziwa. Unazo njia mbili. Waandikie kwamba unaomba uamuzi wa maandishi kwa nyaraka zilizopo, na Ablehnung ikija una mwezi mmoja wa kuandika Widerspruch (pingamizi). Au ziache hizo 15 uzitumie kwa kitu kinacholipwa. Mpeleke Neema muziki. Na ada ya Kita hulipi ukiwa na KiZ, hilo natumaini mmeshaomba, maana wako humu wanaolipa mpaka leo kwa kutokujua.

Kutoka: Msimamizi

Ndugu, nimefuta ujumbe mitatu uliohusu uchaguzi. Mnajua ni ya nani. Hapa ni jamvi la maisha, si la vyama.

Kutoka: Otieno, Stuttgart

Wa kwangu ulikuwa wa vikaragosi.

Kutoka: Msimamizi

Ulikuwa na majina ya watu, Otieno.

Kutoka: Mama Neema

Tumerudi! Naandika wakiwa wamelala, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jamani. Taa zinazimwa, mbele kuna milango miwili ya mbao kama kasha la mizigo, jina limeandikwa kwa maandishi ya kugonga. Ikifunguka, ukumbi wote unafanya "aaah", watu wazima ndio wa kwanza. Mababu wamekuja na wajukuu, wao wenyewe waliletwa hapo na babu zao. Wangu mdogo dakika za mwanzo alikuwa anatafuta nyuzi, ananinong'oneza "mama naziona, naziona". Halafu jambazi akatokea, nyuzi akazisahau. Kinu cha kahawa kilipoibiwa alisimama kitini akapiga kelele "ni yeye!" kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, huyu anayenijibu Kijerumani kila siku nyumbani! Mama mmoja wa mbele akageuka, nikajua nasemwa sasa, kumbe anacheka.

Neema yeye alikuwa anaangalia miguu. Anasema wanatembea bila kukanyaga kabisa, wanapepea kidogo ndiyo wanatua. Mwisho mmoja wao aliinama kutoa shukrani, kichwa kikachelewa kuinuka, Neema akasema "mchezeshaji amechoka mkono". Sasa anataka kujua kama kuna kozi ya kuchezesha.

Fomu nilikwenda nayo. Dada wa dirishani aliisoma mbele nyuma, akaniambia kwa upole kwamba muhuri anao lakini hajui anathibitisha nini. Akaniandikia nyuma ya risiti kwamba watoto wawili wamehudhuria, akaweka sahihi. Nimeituma hivyo hivyo.

Kutoka: Zuhura, Nürnberg

"Ni yeye!" Nimecheka peke yangu kwenye treni ya U-Bahn. Kozi ya kuchezesha vikaragosi ina mwalimu, hiyo Teilhabe wanaweza kuilipa. Iulizie.

Kutoka: Deus, Ingolstadt

Ndicho nilichosema mimi. Na hiyo sahihi nyuma ya risiti hawataikubali. Umeomba uamuzi wa maandishi au hujaomba?

Kutoka: Baba Junior, Würzburg

Samahanini kuingilia, nimefurahia sana mazungumzo. Naomba kuuliza: mke wangu anaanza Minijob (kibarua kidogo), je, KiZ inaendelea au tunaanza upya?

Kutoka: Deus, Ingolstadt

Fungua mada mpya.