Niliagiza picha ya mzunguko wa Kitulo na Matamba kwa ajili ya baba, nimeletewa mlima wa Marekani wenye theluji

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mwezi wa tatu niliagiza picha ya ukutani kwa jamaa mmoja hapa Mbeya mjini anayechapa picha kwenye turubai na kuzifunga fremu. Simtaji jina. Nilitaka picha ya ule mzunguko wetu ambao wengi wenu mnaujua: unatoka mjini, Uyole, Igawilo, unapanda na barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, unakata kushoto kupitia Kikondo, unaibukia uwanda wa Kitulo, unaingia Matamba, unashuka zile kona 57 tunazoziita Hamsini na Saba mpaka Chimala, halafu unarudi Mbeya kwa barabara kuu ya Dar, kipande hicho cha mwisho kama kilomita 78 hivi. Upana sentimita 90, kimo 60. Bei shilingi 185,000, nusu nikalipa palepale, nusu siku ya kuletewa.

Picha ni ya baba. Baba ni Mwanji wa Matamba na ameendesha lori kwenye zile kona miaka 22. Alikuwa anashusha viazi, anashusha pareto, na msimu ukifika anashusha maepo na mapichi, kwa sababu kule kwetu kila mji una miti ya matunda nyuma ya nyumba. Kuna kona lori haliwezi kuzimaliza kwa mkato mmoja. Utingo anaruka chini na gogo, analisukumia nyuma ya tairi, baba anarudi nyuma kidogo, anakata usukani tena, ndipo wanapita. Mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono wa pili hakuna kitu mpaka Usangu kule chini, majaruba ya mpunga yanang'aa maji. Mimi nimepita pale nikiwa mdogo, nimekaa kwenye kiti cha katikati, na nilikuwa nafumba macho kuanzia kona ya kwanza.

Mwaka juzi baba alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto havifanyi kazi vizuri. Anashinda sebuleni kwangu Isanga kwenye kiti kimoja, mbele yake ukuta mtupu. Matamba hajafika tangu augue, gari likitikisika sana anaumia. Ndiyo maana Februari nilimwomba shemeji tuzunguke ile njia yote nikapige picha. Mnajua Februari Kitulo ilivyo, maua yamejaa hadi pembezoni mwa barabara. Kwenye zile kona tulishuka kwa gia ya kwanza, tope tupu. Nilipiga nyingi, nikachagua 14. Mojawapo niliipigia kona ya juu kabisa, pale madereva wanaposimama kuangalia breki kabla ya kuanza kushuka. Zote nilimpa huyo jamaa kwenye flashi, sikumtumia kwa simu, kwa sababu najua zikitumwa kama picha za kawaida zinapunguzwa ubora.

Akaniambia, "Dada yangu, hizi safi, hapa hatuongezi kitu."

Wiki tano baadaye kaja nayo imefungwa magazeti. Tukaifungua mbele ya baba, watoto wote wamekaa. Sikilizeni kilichokuwemo. Mlima mmoja mkubwa umesimama peke yake, mweupe pee kuanzia kileleni hadi katikati. Chini yake mistari ya miti imenyooka kama imepigwa rula, yote imechanua maua meupe. Pembeni ghala jekundu la mbao. Na chini kulia, kwa herufi za rangi ya dhahabu, ameandika KITULO – MATAMBA.

Baba aliitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza taratibu, "Mama, barafu hiyo imeanza lini?"

Nikamwambia baba, hapa si Matamba, wamekosea. Hakunijibu. Akatafuta lile ghala kwa macho, akauliza ni la nani, kama ni la misheni. Baadaye usiku mama akaniambia mzee amemuuliza kama ugonjwa umemfuta kichwani, kwa sababu anajua ile njia lakini pale hakuna anachokitambua. Wakuu, mtu ambaye usiku akikosa usingizi anazihesabu zile kona moja moja mpaka ya 57, amefanywa aone akili yake imeondoka. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Pesa ningeweza kusamehe.

Mpwa wangu aliitafuta ile picha kwa simu, hazikupita dakika mbili akaipata. Mlima ule ni Mount Hood, jimbo la Oregon, Marekani, una mita 3,429. Lile bonde ni Hood River, mashamba ya mapeasi, maepo na cheri, na kuna mzunguko wa kama kilomita 56 ambao watu wanaendesha magari taratibu wakipita shamba kwa shamba wakinunua matunda. Wenyewe wanaupenda, wanaupiga picha, wanautundika majumbani kwao. Sina neno na watu wa Oregon. Wametundika kwao. Mimi nilitaka kutundika kwetu.

Hapa Tanzania mlima wenye barafu ya kudumu ni Kilimanjaro peke yake. Kitulo ni baridi, ndiyo, asubuhi za Juni na Julai umande unaganda na majani yanalia chini ya kiatu, lakini jua likipanda kidogo kila kitu kimeyeyuka. Mtu anayefanya kazi Mbeya, anayeamka kila siku akiuona mlima Loleza dirishani, anaandikaje Kitulo chini ya mlima wenye theluji?

Nikampigia. Jibu la kwanza: "Dada, mlima ni mlima, kikubwa sebule ipendeze." La pili, nilipopandisha sauti, eti picha zangu hazikuwa na ubora wa kuchapwa ukubwa ule. Hapo alidhani anaongea na mtu asiyejua. Simu yangu inapiga megapikseli 12, maana yake nukta 4,000 kwa 3,000. Zitandaze kwenye upana wa sentimita 90, unapata nukta zaidi ya 100 kwa kila inchi. Kwa mtu aliyekaa mita mbili au tatu kutoka ukutani hiyo inatosha kabisa. Na kama haikutosha, si ungeniambia wiki ya kwanza? Umekaa na flashi yangu wiki tano, kumbe hata hukuifungua. Umechukua picha ya watu mtandaoni, bila ruhusa yao, ukaibandika jina la kwetu.

Akasema atanirekebishia. Nikakubali, kosa langu hilo. Safari hii kaleta ramani ya kuchora, mapambo ya ukutani kama yale ya nje, barabara nyekundu imezunguka kama yai. Kitulo ameandika "Kituro". Chimala ameiweka kushoto kwa Uyole, yaani ukitaka kwenda Chimala upite mjini uelekee Tunduma! Ziwa Ngozi, ambalo liko Rungwe upande wa pili wa barabara ya Tukuyu, amelichora juu ya Kitulo. Na zile kona, kitu pekee ambacho nilimwambia mara tatu ni muhimu kwa mzee, zilikuwa nne. Nne! Nimezihesabu kwa kidole mbele yake. Akaniambia zote 57 zisingeenea.

Nimeomba pesa yangu, anasema turubai likishachapwa halirudishwi. Nimeomba flashi yangu, kaleta baada ya siku tisa. Bahati picha zilikuwemo zote.

Sasa niseme na hili, maana limeniuma zaidi ya hizo 185,000. Hivi ni sebule ngapi hapa Mbeya, ni mapokezi ya gesti ngapi mmeingia mkakuta ukutani maporomoko ya maji ya sijui wapi, msitu wa vuli wa sijui nchi gani, majani mekundu ambayo hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuyaona? Na nje ya mlango huohuo kuna Uwanda wa Juu wa Kitulo, watu wa kule wanaita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, ya kwanza Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Okidi peke yake aina 45. Wageni wanapanda ndege kuja kuinamia ua moja wakiwa wamepiga magoti kwenye majani mabichi. Sisi tunachapa ghala jekundu la Oregon halafu tunaandika Matamba! Hakuna aliyetulazimisha. Picha za kwetu hazipo kwenye hayo maduka kwa sababu wachapaji wanaona ni rahisi kupakua kuliko kupanda gari mpaka Isyonje, na sisi wateja tunapokea tu, tunalipa, tunanyamaza. Mimi sinyamazi.

Ninachotaka kwa huyo jamaa ni pesa yangu yote, na aje nyumbani amwambie mzee kwa mdomo wake kwamba ile picha haikuwa Matamba. Hilo la pili hata kama hana pesa leo anaweza kulifanya. Nimempa mpaka Ijumaa, baada ya hapo nakwenda kwa mtendaji wa kata na risiti zangu na hizo picha zote mbili, nijue hatua inayofuata.

Mnaouliza kwa nini simtaji: ana watoto, na sijataka kumfungia riziki kabla sijamsikia mbele ya mtu wa tatu.

Na nina ombi. Anayemjua mchapaji, awe Mbeya, Iringa au Njombe, mwenye mashine ya kuchapa turubai na aliye tayari kutumia picha za mteja kama zilivyo, aniandikie hapa hapa na bei yake. Nikamuonyesha mzee zile 14 kwenye simu, jana, moja moja. Alipofika ile ya kona ya juu alinizuia mkono nisisogeze. Akaniambia jiwe lile la kushoto ndilo walilokuwa wanaegemeza gogo la utingo. Anataka hiyo, sentimita 90 kwa 60, na jiwe lisikatwe.