Nakala ya dunia tuiweke wapi: Mwezini, Mirihi au Svalbard?

MwanaNgomeni: Waungwana, sisi wa huku Malindi habari za anga si ngeni. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa Ngomeni, jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970. Sasa tuseme dunia imepatwa na janga kubwa, vita vya nyuklia au kimondo. Elimu na mbegu zetu zingesalimika zaidi wapi?

BintiMkomani: Mwezini. Hakuna mvua, hakuna kutu, hakuna mchwa. Hapa Lamu hati za tenzi zimeliwa na wadudu na hewa ya chumvi watu wakitazama. Chombo cha Beresheet cha Israeli, mwaka 2019, kilibeba kwenda Mwezini sahani nyembamba za nikeli zilizohifadhi kurasa milioni 30.

FundiShela: Dada, malizia hadithi: kiliupiga Mwezi kwa kishindo. Peregrine nacho, chombo cha Wamarekani kilichokuwa kikienda Mwezini Januari 2024, kilivuja mafuta njiani kikarudi kuungua juu ya Pasifiki. Na hata kingefika salama, nani atapanda kwenda kusoma? Aliyenusurika janga hana roketi, anatafuta unga.

BintiMkomani: Waliozitengeneza wanaamini sahani huenda hazikuharibika. Nikeli si yai.

MkulimaGede: Nyinyi na vitabu vyenu! Mbegu je? Wachina waliotesha pamba upande wa mbali wa Mwezi, Januari 2019, ndani ya chombo cha Chang'e 4. Ikachipua kweli. Usiku ulipoingia, baridi ikaiua, na usiku wa kule ni wiki mbili. Ghala la mbegu la Svalbard, visiwa vya Norwe kaskazini kabisa, ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na tayari limefaa: mwaka 2015 watafiti waliofukuzwa na vita vya Syria walitoa mbegu zao, wakazipanda Lebanon na Moroko, kisha wakarudisha nyingine ghalani.

FundiShela: Ila maji ya barafu iliyoyeyuka yamewahi kuingia kwenye njia ya ghala. Mbegu hazikuguswa, lakini wamelazimika kuikarabati.

MwanaNgomeni: Na Mirihi?

MkulimaGede: Nafasi nzuri ya kurusha huja kila miezi 26, safari yenyewe miezi saba hivi. Watu wakihamia huko, sawa. Kwa ghala tu, ni gharama ya bure.

BintiMkomani: Haya, mbegu nakuachieni Svalbard. Vitabu sibanduki Mwezini, ila nakala ya kwanza ibaki mikononi mwa watu. Fundi, kamera yako bado nzima? Nina hati za babu nataka zipigwe picha kabla ya masika.

FundiShela: Nzima. Njoo nazo Jumamosi, na usizikunje.