Sabuni ya Mama Mdogo iitweje?

*Mama Mdogo:* Assalaam alaykum jamani. Nimekwama na jina. Mchora lebo analitaka Ijumaa. Sabuni yenyewe mnaijua: mafuta ya nazi, maji na kostiki, basi. Haina rangi, haina manukato. Nataka jina liseme hakuna kilichoongezwa.

*Binamu:* Shikamoo shangazi. Mimi nasema HAMNA. Fupi, halisahauliki.

*Mama Mdogo:* Marahaba mwanangu.

*Mjomba:* Hilo hapana. Nimesimama kaunta miaka 20. Mteja akiuliza "Hamna ipo?" utamjibu nini? Ukitamka tu "hamna", keshaondoka.

*Binamu:* Basi SIFURI. Kwa Kiarabu sifr ni kitu kitupu, neno letu limetoka huko.

*Mama Mdogo:* Sifuri watu wanaijua kwenye matokeo ya kidato cha nne. Sitaki mzazi ashike sabuni yangu akakumbuka siku ile.

*Dada Hamburg:* Shikamooni wote. Mama Mdogo, Wajapani walishapita njia hii. Mwaka 1980 supamaketi za Seiyu zilitoa bidhaa 40 kwa jina la Mujirushi Ryohin, ndiyo Muji ya leo. Mujirushi ni "bila alama". Ryohin ni "bidhaa nzuri".

*Dada Hamburg:* Kimoja cha mwanzo kilikuwa uyoga mkavu wa shiitake uliovunjika. Watu walizoea kununua ule mzima wenye umbo la kupendeza. Wao wakasema ukishaingia kwenye mchuzi ladha ni ileile, mteja alipie umbo la nini? Na kwenye pakiti wakaeleza kwa nini bei iko chini. Hapo ndipo ninapowapendea. Hawakuficha kilichokosekana, walikieleza.

*Mjomba:* Umenigusa. Jina lao lina miguu miwili. "Bila alama" peke yake ni upungufu. "Bidhaa nzuri" ndiyo inayomtoa mtu pesa mfukoni. Sisi tangu jioni tunahangaika na mguu mmoja.

*Binamu:* Bibi yuko hapa kando yangu, anasema niwaandikie hivi: "Sisi tulikuwa tunasema tui tupu, maana yake halikutiwa maji. Tupu si kukosa. Tupu ni kitu chenyewe, hakina mwenzake ndani."

*Mama Mdogo:* Mama, umenitoa machozi. Basi NAZI TUPU!

*Dada Hamburg:* Mama Mdogo naomba unisikilize kabla hujamwambia mchora lebo. Herufi hizohizo huku Ujerumani zinasomwa kama wafuasi wa Hitler. Siwezi kuweka katoni hiyo mezani mbele ya watu ambao babu zao waliuawa. Nazi yetu haina kosa, lakini hawatasikia tunavyoitamka, wataisoma.

*Mama Mdogo:* Subhanallah. Sikuwaza.

*Mjomba:* Hata hapa Tanga ingesumbua. Nazi tupu ni maelezo ya kilichomo. BRELA, wale wanaosajili biashara na alama zake, wanataka alama ikutofautishe na wengine, na kila mkamua mafuta wa Pangani ana haki ya kusema yake ni nazi tupu. TUPU pekee nayo haibandikwi kwenye sabuni ya kuogea, mnajua neno hilo linataja nini mwilini.

*Mimi:* Na BILA?

*Mama Mdogo:* Bila nini?

*Mimi:* Swali hilohilo ndilo ninalolitaka, Mama Mdogo. Mteja akiuliza "bila nini?" umeshapata nafasi ya kumjibu. Bila rangi, bila manukato. Umgeuzie kipande asome mgongoni.

*Mjomba:* Dukani linatamkika. "Nipe Bila mbili." Vijana nao hawatalipotosha, kila wiki wanasema moja bila, mbili bila.

*Dada Hamburg:* Mguu wa pili usisahaulike. Chini ya jina, herufi ndogo: sabuni ya mafuta ya nazi. Za kuja huku lebo itasema Kokos, ndiyo nazi kwa Kijerumani.

*Binamu:* Bibi anasema sawa, lakini herufi ndogo zisiwe ndogo sana, naye anataka kusoma.

*Mama Mdogo:* BILA. Nimelisema mara kumi hapa jikoni. Nalipenda.

*Mama Mdogo:* Lakini jamani, ile sabuni yangu nyingine, yenye manukato ya mlangilangi?

*Binamu:* Ile ya maharusi? Shangazi, hiyo ndiyo inayoisha kwanza!

*Mimi:* Haiwezi kuvaa jina hili.

*Mjomba:* Haiwezi kabisa, mdogo wangu. Ukitia hata matone mawili ndani ya Bila, jina limekuwa uongo, na atakayeumia ni mwenye mtoto wa ngozi inayowashwa. Huyo ndiye alikuamini akaacha kunusa.

*Dada Hamburg:* Naungana na mjomba. Ipe jina lake, au iache.

*Mama Mdogo:* Ngojeni kwanza.

*Mama Mdogo:* Nimehesabu kabatini. Vipande 60. Vitatoka kwenye karatasi nyeupe bila lebo, na kila anayenunua nitamwambia ina mlangilangi. Vikiisha, sichemshi tena. Majina mawili siyawezi kwa sasa, nataka hili moja liwe la kweli.

*Mama Mdogo:* Kaka, kesho nipitie unisaidie kujaza maombi ya BRELA mtandaoni. Kwenye mafungu yao ya bidhaa, sabuni ni daraja la 3, siyo?

*Mjomba:* La 3. Uandikishaji wa kwanza ni miaka 7, halafu unahuisha kwa 10. Weka kitambulisho karibu. Saa mbili asubuhi niko mlangoni.