Tupeane uzoefu: Uliyewahi kulala hoteli ya ufukweni kule Mediterania, nini kilikukuta?

Mzee wa Msimbazi

Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu wa dukani anaoa Desemba. Leo mchana kanionyesha kwenye simu hoteli moja ya Antalya, Uturuki: bwawa la buluu, bahari ya buluu, na bei imeshuka karibu nusu. Anataka ampeleke mkewe fungate mwezi Januari. Nikanyamaza, maana Januari ya Antalya naijua.

Nilikuwa Istanbul kuchukua mzigo wa nguo Merter. Kiwanda kikasema mashati yangu bado siku nne. Nikaona badala ya kukaa gesti ya Laleli nikihesabu ngazi, nikate tiketi. Saa moja na kidogo angani, nikashuka Antalya. Hoteli iko Lara, mchangani kabisa. Mapokezi wakanifunga kile kikanda cha mkononi, maana yake kula na kunywa vyote vimo kwenye bei. Nikapanda chumbani, nikafungua pazia. Bahari ile pale, na ng'ambo ya ghuba milima ya Taurus imejaa theluji, nyeupe pe. Sikuwahi kudhani theluji na mawimbi vinaweza kuonekana kutoka dirisha moja.

Uzuri ukaishia hapo dirishani. Mvua ilipiga siku tatu. Bwawa limefunikwa turubai, viti vya ufukweni vimefungwa minyororo, mtaa mzima wa maduka umeshusha mageti. Kiyoyozi walichosema kinatoa joto kilitoa upepo wa baridi. Usiku wa pili nililala na koti, soksi jozi mbili na taulo kichwani, meno yanagongana, nawaza nikifia hapa watu wa nyumbani watapata habari kwa nani. Saa nane usiku nikashuka. Kijana wa mapokezi anajua Kituruki na Kijerumani, mimi sijui hata kimoja. Akatokea mzee wa jikoni, akanitazama, akanishika mkono mpaka kwenye tanuri la mikate. Akanipa chai kwenye kile kigilasi chao chenye kiuno, ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilikaa pale mpaka alfajiri namtazama anakanda unga. Lugha hatukuwa nayo hata neno moja. Namwombea mpaka leo.

Sasa nimkataze kijana, au? Mliolala hoteli za pwani ile, iwe Uturuki, Misri, Ugiriki au Hispania, mwageni yenu.

Chozi la Mnazi

Mkataze mkuu. Januari asiende.

Mwana wa Jambiani

Asalaam alaykum. Mimi nilisoma Al-Azhar, Cairo, na kila likizo wanafunzi wa kwetu tulikuwa tunapanda treni kwenda Alexandria. Tulilala hoteli kongwe karibu na Mahattat al-Raml, ile yenye lifti ya vyuma kama tundu la kuku, chumba kinaitazama bahari lakini katikati pana barabara ya Corniche, magari yanapiga honi usiku kucha. Kama unataka usingizi omba chumba cha nyuma, bahari utaiona asubuhi.

Jambo lililonishangaza mno siku ya kwanza: nilikaa ukutani kwenye Corniche tangu asubuhi nikingojea maji yapwe. Kwetu Jambiani bahari inakwenda mbali, kina mama wanatembea mpaka kwenye mwani wao. Kule adhuhuri maji pale pale, alasiri pale pale. Nikamuuliza mvuvi, "Yanatoka saa ngapi?" Akadhani nauliza basi. Baadaye ndiyo nikafahamu kwamba bahari ile imefungwa pande zote, mlango wake wa Gibraltar ni mwembamba, kama kilomita 14 tu, kwa hivyo kupwa na kujaa kwake ni kidogo, kwa jicho hukuoni.

Na kuhusu baridi, wavuvi wa Alexandria wana majina ya dhoruba zao za kipupwe kama sisi tunavyosema kaskazi na kusi. Wanaziita nawwa. Ipo Maknasa, yaani fagio, inakuja katikati ya Novemba na kweli inafagia. Ipo Qasim mwanzo wa Disemba. Maknasa ilitukuta hotelini, mawimbi yanaruka ukuta, maji ya chumvi yakaingia mpaka ukumbi wa chini. Mwambie kijana asitazame picha, atazame kalenda ya wavuvi.

Kidume cha Pugu

Kumbe bahari haitoki! Basi kwa mtu asiyejua kuogelea kule ni salama kuliko Zanzibar. Nimepata pa kwenda.

Mwana wa Jambiani

Hapana, ndugu yangu. Usiseme hivyo mbele za watu. Kupwa na mkondo ni vitu viwili. Pale Agami, magharibi ya Alexandria, pana ufukwe wa Nakheel unaojulikana Misri nzima kwa kuzamisha watu. Maji yanakuvuta chini kwa chini, juu unaona kweupe. Nilikuwa ufukweni siku walipomtoa kijana mmoja. Mamake alikuwa ameshika viatu vyake. Ukiona bendera nyekundu usitie hata mguu.

Wa Likoni

Mola awarehemu wote. Hata hapa kwetu Nyali mkondo umechukua wengi.

Mzee wa Msimbazi, kuna kitu watu hawaambiwi: si kila ufukwe wa kule una mchanga. Hapo hapo Antalya, Lara ni mchanga lakini Konyaaltı ni changarawe tupu. Nice, Ufaransa, vivyo hivyo, mawe mviringo kama mayai. Mimi nilikuwa baharia, meli ikaingia matengenezo, tukawekwa hotelini Nice siku tisa. Siku ya kwanza nikakimbilia maji peku kama niko Shelly Beach. Nyayo zilivimba nikashindwa kuvaa buti. Viatu vya mpira ni lazima.

Mama Wawili

Nimesoma ya changarawe nikasisimka. Mimi nililea watoto wa familia moja Madrid, wakati wa joto wakanibeba kisiwani Mallorca, huko huko Hispania. Kilichonipata ni konyeza, yule mdudu wa baharini laini kama ute, mwenye nyuzi zinazochoma. Wale wadogo wa zambarau, wazuri ukiwaona. Alinipita mkono mzima, nikapiga ukelele kwa Kisambaa, sikumbuki hata nilisema nini. Bado nina alama.

Hoteli ilikuwa ya kifungua kinywa tu, na chakula cha mchana pale ufukweni bei yake ni ya kutisha. Kwa hiyo kila asubuhi kwenye bafe nilikuwa nafunga mayai mawili, mkate na tunda kwenye leso, ndiyo mchana wangu. Nawashauri na nyie.

Shangazi wa Makorora

Pole mdogo wangu. Konyeza ni siki, mwagia siki haraka. Au mchanga wa moto, usugue.

Kidume cha Pugu

Mama Wawili, hilo la mayai ni wizi. Wameandika kabisa chakula kisitoke nje ya ukumbi. Halafu tunalalamika Waafrika tunaangaliwa kwa jicho baya.

Mama Wawili

Wizi? Nimelipiwa kifungua kinywa. Ningekula mayai manne pale pale mezani ungesemaje?

Kidume cha Pugu

Ungekula manne ungekuwa umekula. Kubeba ni kubeba.

Wa Likoni

Wewe Kidume umewahi kukaa juani toka asubuhi na watoto wa watu, mfukoni huna kitu? Mwache mama. Na hao watalii wenyewe saa kumi na moja alfajiri wanashuka kutandaza taulo kwenye viti vya bwawa, kisha wanarudi kulala, kiti kinakaa na taulo mpaka saa nne. Huo si wizi wa kiti?

Kidume cha Pugu

Kosa la mwingine halifuti lako. Msimamo wangu ni huo.

Chozi la Mnazi

Ila ukimwomba mhudumu akufungie, mara nyingi anakufungia. Mimi nilipewa Sousse, Tunisia, na maandazi yao juu. Semeni tu.

Mama Neema

Jamani, nimekuwa nasoma kimya tangu uzi uanze. Sikutaka kuandika, lakini hiyo ya mama aliyeshika viatu imenifungua.

Sisi tunaishi Hamburg. Mimi ni muuguzi, mume wangu anafanya kazi ghalani. Tuliweka akiba miaka miwili, Julai 2023 tukawapeleka watoto Rhodes, Ugiriki, hoteli ya Kiotari, kusini mashariki mwa kisiwa. Neema alikuwa na miaka saba, mdogo wake mitatu. Moto ulianza Jumanne tarehe 18, mbali huko milimani. Tuliuliza, tukaambiwa upo mbali. Siku tatu watoto walicheza majini, usiku kwenye vilima tunaona utepe mwekundu, asubuhi hauonekani tena.

Jumamosi tarehe 22 upepo ukageuka. Jua likawa la rangi ya chungwa. Neema akaja kuniambia mama, maji ya bwawa yana pilipili manga. Ilikuwa majivu. Halafu simu zote zikalia kwa pamoja, ule mlio wa dharura wa 112, ujumbe unasema ondokeni eneo hili. Watu wakaanza kukimbia na masanduku. Sisi tukaondoka na maji, biskuti na nguo za kuogelea mwilini. Tulipofika mchangani mume wangu akasema, pasi. Pasi zote nne na vibali vya kuishi viko kwenye sefu ya chumbani. Akaniambia dakika kumi, akarudi.

Hakurejea. Nyuma yetu moshi ukashuka mpaka chini, hoteli sizioni tena. Watu wakasema tutembee, tukatembea ufukweni na mamia ya wengine, taulo mbichi puani, mdogo mgongoni nimemfunga kwa kanga. Ile kanga niliibeba ya kulalia mchangani, na ndiyo iliyonipa mikono miwili. Kila mwanamume mrefu mweusi niliyemwona mbele nilimwita jina la mume wangu. Simu ikazima. Giza likaingia, boti zikaja: za walinzi wa pwani, za wavuvi, za watu binafsi. Wanapakia wanawake na watoto kwanza. Neema akakataa kupanda, anasema baba atatukuta wapi? Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimnyanyua kwa nguvu nikampandisha, akanipiga usoni. Hapo ndipo palikuwa pabaya kuliko moto.

Tulilala sakafuni kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Bibi wa pale, hatujuani, alileta mikate, tikiti maji, na nguo za wajukuu wake. Aliwavisha wanangu kwa mikono yake. Mume wangu tulimpata kesho yake adhuhuri. Polisi walikuwa wamefunga njia akiwa bado ndani, wakampakia basi la upande mwingine, akazunguka kumbi tano akiuliza. Pasi alikuwa nazo kifuani, ndani ya fulana.

Baadaye tukasikia watu kama 19,000 walihamishwa, kama 3,000 kati yao kwa njia ya bahari. Mimi nilimhesabu mmoja tu.

Mzee wa Msimbazi

Mama Neema. Nimeisoma mara mbili, nimefunga duka mapema. Poleni sana. Mungu awatunze.

Mwana wa Jambiani

Alhamdulillah mlikutana. Machozi yamenitoka.

Wa Likoni

Basi pasi zisikae sefuni kabisa. Mfuko wa kitambaa kiunoni, hata ukioga.

Shangazi wa Makorora

Na ukiibiwa ukiwa majini? Sefu ni bora. Beba nakala.

Mama Neema

Shangazi, mimi sasa nalala nazo chini ya mto. Hata Hamburg.

Na kwa Mama Wawili, kama muuguzi: usisugue mchanga wala usitie maji baridi ya bomba, vinafyatua sumu iliyobaki. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa kibano. Siki inafaa konyeza wa aina nyingine, si wale wa zambarau wa Mallorca.

Kidume cha Pugu

Mama Neema, naomba kuuliza kwa heshima. Mlirudi tena Ugiriki? Nilisikia Waziri Mkuu wao, Mitsotakis, alitangaza wiki ya bure kwa waliokatishwa likizo na ule moto.

Mama Neema

Ni kweli alitangaza. Mume wangu alitaka, Neema hakutaka. Tulikwenda Tanga kwa mama. Yule bibi tunampigia kila Pasaka yao, anapiga kelele za furaha, mwanawe anatafsiri.

Kidume cha Pugu

Asante. Na Mama Wawili, lile neno nililotumia lilikuwa kali. Nisamehe.

Mama Wawili

Yameisha kaka.

Mzee wa Msimbazi

Kijana kausoma uzi wote hapa kaunta, kimya. Kasema atasogeza mpaka mwishoni mwa Septemba, joto limepungua na maji bado yana uvuguvugu, na kwanza ataenda kumwambia mchumba wake. Anauliza viatu vya mpira avinunue huku au kule?

Wa Likoni

Huku. Kule wanauza ufukweni kwa bei ya mtalii. Anavaa namba ngapi? Nina jozi mbili mpya za 42, basi la kesho linaweza kuzileta Dar.

Mzee wa Msimbazi

42 hiyo hiyo. Ya mchumba ni 38, tutaitafuta Kariakoo.