Mjadala: Je, ni sahihi kuchagua mji mdogo kwa kigezo cha maadili yako?

Mtoa mada:

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa la mtu binafsi, ilhali mimi naliona kuwa la umma. Tangu kazi nyingi zianze kufanyika popote penye intaneti, watu wenye uwezo wa kuhama wamekuwa wakiyapa majiji kisogo na kutafuta miji midogo, na ushauri wanaopewa karibu kila mahali ni kwamba watafute mji unaoendana na mtindo wao wa maisha na maadili yao. Nusu ya kwanza ya ushauri huo sina ugomvi nayo: anayependa kutembea kwa miguu asihamie mahali ambapo kila safari inahitaji gari, na asiyestahimili upweke asiende kujifungia bondeni. Hoja yangu iko kwenye nusu ya pili. Nasema kwamba kuchagua mji mdogo kwa sababu wakazi wake wanaamini unachokiamini wewe, au kwa matumaini kwamba wenzako wakija wa kutosha watauelekeza mji huo kwenye imani yenu, ni jambo lenye madhara kwa wenyeji na hatimaye kwa mhamaji mwenyewe.

Sababu yangu ya kwanza ni ya hesabu. Watu mia moja wakihamia jiji la watu milioni tatu, hakuna atakayewasikia. Watu haohao wakihamia mji wa watu mia mbili, wamekwisha kuwa theluthi ya mji, na kura zao zinaweza kuamua nani awe diwani na fedha za barabara ziende wapi. Mwaka 1981 wafuasi wa Bhagwan Shree Rajneesh, mwalimu wa kiroho kutoka India, walinunua ranchi kubwa katika jimbo la Oregon nchini Marekani, karibu na mji wa Antelope uliokuwa na wakazi wasiofika hamsini. Walinunua nyumba mjini na kujiandikisha kupiga kura, na wenyeji walipojaribu mwaka 1982 kuufuta mji wao kisheria ili usichukuliwe, walishindwa kwa kura, kwa kuwa wageni walikwisha kuwa wengi kuliko wao. Kabla mwaka huo haujaisha baraza la mji lilikuwa mikononi mwa wageni, na baadaye mji wenyewe ukabadilishwa jina. Mwaka 1984, katika jitihada za kuathiri uchaguzi wa wilaya, baadhi ya viongozi wa jumuiya hiyo walipanga njama ya kutia bakteria aina ya salmonela kwenye vyakula vya mikahawa ya mji wa The Dalles, na watu 751 wakaugua. Jumuiya ilisambaratika mwaka 1985, na mji ukarudia jina lake la zamani.

Nitaambiwa kwamba huo ni mfano wa waliovuka mipaka, na ni kweli. Hata hivyo, mchumi Thomas Schelling alionyesha tangu mwaka 1971, kwa kusogeza sarafu, zikiwakilisha watu, juu ya ubao uliochorwa miraba, kwamba hahitajiki mtu mwenye chuki ili jamii igawanyike. Inatosha kila mmoja atake theluthi tu ya majirani zake wafanane naye na kuhama anapowakosa. Baada ya mizunguko michache ubao wote unakuwa umegawanyika makundi makundi, ingawa hakuna hata mmoja aliyetaka matokeo hayo. Ndiyo maana naogopa ushauri huu unaotolewa kwa upole mno.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, umeanza na kisa cha kutisha ili tukuogope kukupinga, lakini nitakupinga. Mwaka 1956 mchumi wa Marekani Charles Tiebout aliandika makala fupi akieleza kwamba serikali za mitaa hujifunza matakwa ya raia kwa njia ambayo serikali kuu haina, yaani raia kuhama. Asiyeridhishwa na kodi au huduma za mji mmoja anakwenda mji mwingine, na mji unaokimbiwa unalazimika kujirekebisha au kubaki mtupu. Wengi huiita kura ya miguu. Ukiwanyima watu haki ya kuchagua mji kwa maadili yao, umewanyima kura hiyo, kwa sababu maadili hayaelei hewani. Yanaonekana kwenye bajeti. Mji unaoamini kwamba maktaba ni anasa na mji unaoamini kwamba maktaba ni lazima ni miji miwili tofauti, na mzazi ana haki ya kuchagua.

Isitoshe, ipo miji inayotangaza yenyewe inachokithamini. Mwaka 1999 mameya wa miji michache ya Italia, wakiongozwa na meya wa Greve in Chianti, walianzisha mtandao uitwao Cittaslow, ambao unapokea miji yenye wakazi wasiozidi 50,000 iliyoamua kuishi polepole, kupunguza kelele na magari, na kutunza kazi za mafundi wa mahali hapo. Anayehamia mji wa namna hiyo kwa sababu ya ahadi hiyo amemvamia nani?

Mchangiaji wa pili:

Naheshimu hoja ya Tiebout, lakini kaka uliyetangulia umeacha masharti yake nje. Mwandishi huyo mwenyewe aliweka wazi kwamba nadharia yake inasimama iwapo watu wanaweza kuhama bila kikwazo, wanajua kila kitu kuhusu kila mji, na hawafungwi na kazi, hata akapendekeza tuwachukulie wote kana kwamba wanaishi kwa gawio la hisa. Ni nani kati yetu anaishi hivyo? Kura ya miguu ni kura ya mwenye nauli na pa kufikia. Mzee anayemuuguza mke wake hana kura hiyo, wala kijana ambaye kazi yake iko mahali pamoja tu.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni sharti la kujua kila kitu. Mimi nimehama mara tatu katika maisha yangu, na mara mbili kati ya hizo nilidhani nimepata mji unaofanana nami, kumbe nilikuwa nimefanana na watu watano niliowakuta siku za mapumziko. Nyumba njema si mlango. Mgeni anayeutembelea mji kwa siku nne, tena katika majira mazuri, anakutana na watu ambao kazi yao ni kumfurahisha mgeni, kisha anarudi akisema kwamba wakazi ni wakarimu na wanajali mazingira. Hajawaona katika majira mabaya, barabara imekatika na kila mtu amechoka na mwenzake. Hajahudhuria kikao cha baraza ambamo watu waliosalimiana asubuhi wanashutumiana kwa sababu ya mpaka wa kiwanja.

Kwa hiyo, kama kweli mtu anataka kuyajua maadili ya mji, ayatafute mahali yanapoandikwa bila kukusudia. Asome mihtasari ya vikao vya baraza la mji ya miaka miwili au mitatu, aone ni jambo gani linarudi kila mara bila kumalizika. Asome bajeti, kwa maana mji unaojisifu kuwapenda watoto na haujakarabati shule kwa muda mrefu umekwisha kujieleza. Aulize zahanati inafungwa saa ngapi na hospitali iliyo karibu iko umbali gani, na kwa usafiri upi kwa mtu asiyeendesha gari. Azungumze na waliohama kutoka hapo, kwa kuwa waliobaki wana sababu ya kuutetea uamuzi wao. Kisha apange chumba na kukaa miezi kadhaa kabla ya kununua chochote, tena majira mabaya yawemo. Atakayefanya hayo yote atagundua, kama nilivyogundua mimi nikiwa nimechelewa, kwamba hakuna mji wenye maadili mamoja. Kuna mji wenye ugomvi fulani, na swali ni kama ugomvi huo unaweza kuishi nao.

Mchangiaji wa tatu:

Ninyi nyote mnazungumza kana kwamba maadili ni ladha tu. Mimi ni mama wa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Katika jiji, mwalimu akimdharau mwanangu natafuta shule nyingine; katika mji mdogo shule ni moja, daktari ni mmoja, na jirani anayemcheka mwanangu ndiye huyohuyo anayeketi dirishani pa ofisi ninakopeleka maombi yangu. Kwa mtu kama mimi, au kwa mtu wa dini au rangi isiyo ya wengi, kuuliza wakazi wanaamini nini si kujitenga na wenzake, bali ni kuuliza kama atalala salama. Ndugu mtoa mada, hesabu yako ya theluthi haijamgusa anayefika peke yake.

Mchangiaji wa nne:

Nashangaa kwamba hadi sasa hakuna aliyewapa wenyeji sauti. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hatuulizi mwenyeji anaponaje. Mji nao unachagua. Albinen, kijiji cha milimani nchini Uswisi chenye wakazi 240 hivi, kilipiga kura mwaka 2017 kuwapa wahamiaji wenye umri chini ya miaka 45 faranga 25,000 kwa kila mtu mzima, kwa sharti la kukaa hapo miaka kumi, na anayeondoka mapema azirudishe. Hawakuuliza mtu anaamini nini. Waliuliza kama atakaa. Huko St Ives, mji wa pwani katika Cornwall nchini Uingereza, wakazi walipiga kura mwaka 2016 kwamba nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya watu watakaoishi humo mwaka mzima tu, baada ya kuchoshwa na nyumba zinazofunguliwa wakati wa likizo na kufungwa wakati uliobaki. Nakiri kwamba kanuni hiyo haikugusa nyumba za zamani, kwa hiyo mwenye fedha alibakiwa na mlango, lakini walau mji ulisema neno.

Sasa linganisheni na Orania ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya Waafrikana, yaani Makaburu, peke yao, ambako ardhi inamilikiwa na kampuni na anayetaka kuhamia huchujwa kwanza. Mji wa namna hiyo umechagua maadili kikamilifu, na matokeo yake mnayaona.

Mtoa mada:

Nimesoma yote kwa makini, na kuna mahali nimerudi nyuma. Dada mchangiaji wa tatu amenionyesha kwamba nilichanganya mambo mawili chini ya neno moja. Kuuliza kama mji utanivumilia nilivyo si sawa na kuuliza kama mji umejaa watu walio kama mimi. La kwanza sasa nalikubali bila sharti, na nadhani ndilo swali zuri kuliko yote ambalo mhamaji anaweza kuuliza, kwa sababu jibu lake halimtegemei mgeni kuwa wa kundi gani. La pili bado nalipinga. Mji wa Cittaslow aliotaja mchangiaji wa kwanza hauulizi imani ya mtu. Unaomba apunguze mwendo. Huo ni mtindo wa maisha, nami tangu mwanzo sikuupinga.

Pale nisipokuwa na uhakika ni kwenye dawa ya ile hatari niliyoieleza. Kuna wanaosema kwamba mhamiaji asipige kura ya mji hadi akae muda fulani. Tennessee nchini Marekani ilimtaka mpiga kura awe amekaa mwaka mzima katika jimbo na miezi mitatu katika wilaya, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililifuta sharti hilo mwaka 1972 katika kesi ya Dunn dhidi ya Blumstein, ikaona kwamba siku thelathini hivi za kukamilisha daftari la wapiga kura zinatosha. Moyo wangu uko upande wa mahakama, kwa maana anayelipa kodi leo hawezi kuambiwa asubiri mwaka mmoja ndipo asikilizwe. Lakini nikiwakumbuka wale watu wa Antelope, wasiofika hamsini, waliopiga kura ya kuufuta mji wao wenyewe wakashindwa hata hilo, nakosa cha kuwaambia. Mchangiaji wa nne, wewe uliyewatetea wenyeji, ungewawekea wageni muda gani?